Jiwe Lililoitwa Ng'ombe

Wakili Abdillah alikuwa na adabu. Hilo Akelo hakulikana, hata baada ya yote kwisha. Kila walipokutana kwenye korido ya baraza la ardhi, yule kijana alisimama, akahamishia mkoba mkono wa kushoto, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo mama." Haikuwa ile shikamoo ya kutupa, ya mtu anayepita huku anaangalia simu. Alisubiri jibu. Na Akelo, ambaye wakili huyo alikuwa amekodiwa kumtoa kwenye nyumba yake, alimjibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Angejibu nini kingine? Kwao Shirati mtoto wa mtu akikusalimu unamwitikia, hata kama baba yake ana kesi ya kuiba ng'ombe wako.

Mwenye kesi hasa hakuonekana. Kwa miaka miwili na miezi minne Akelo hakuwahi kuiona sura ya mtu aliyekuwa akidaiana naye kiwanja. Mtaani walimwita Mkurugenzi. Walilijua gari lake la vioo vyeusi, walijua ana hoteli mbili mjini na ya tatu inakuja ziwani, pale pale Akelo alipokuwa akianika nguo zake. Barazani jina lake lilisomwa, Wakili Abdillah akasimama na kusema, "Namwakilisha mjibu maombi, mheshimiwa," na biashara ikaishia hapo. Jina la Akelo liliposomwa alisimama Akelo mwenyewe, na magoti yake yaliyoanza kuvimba, na mikono yake iliyokakamaa kwa nyundo.

Alikuwa na miaka sitini na moja, na ishirini na mitano ya hiyo alikuwa ameponda kokoto. Ukitoka stendi ya Nyegezi ukaelekea ziwani utawaona wanawake hao chini ya kilima, wamejitandia maturubai kujikinga jua, kila mmoja na rundo lake. Wana kipete cha mpira uliokatwa kwenye tairi. Wanakivisha jiwe lisiruke, wanapiga. Nyumba nyingi za Mwanza, za ghorofa na zisizo za ghorofa, zimesimama juu ya mawe yaliyopita kwenye mapaja ya wanawake hawa. Wenyewe wanalala kwenye vyumba vya udongo.

Akelo peke yake kati yao ndiye aliyekuwa na kwake. Kiwanja alikinunua mumewe, Owiti, mwaka tisini na nne, kwa mzee wa Kisukuma aliyeitwa Mashimba. Enzi hizo upande ule ulikuwa vichaka na kenge, hakuna aliyeutaka. Waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya balozi wa nyumba kumi na majirani watatu, wakaeleza mipaka kama watu walivyoijua: kutoka kwenye mstari wa minyaa mpaka mkuyu, na kutoka mkuyu mpaka jiwe kubwa linaloitwa Ng'ombe.

Jiwe hilo lilikuwa limelala ukingoni mwa ziwa, kubwa kuliko nyumba, mgongo juu, kichwa kimeinamia maji kana kwamba linakunywa. Kila mtu alilijua. Wavuvi waliokuwa wakirudi asubuhi walilitazama hilo kujua wamefika wapi. Owiti alikuwa mwashi. Jumapili moja baada ya kununua alichukua tindo na nyundo, akakaa siku nzima akichonga kwenye paja la Ng'ombe, kama watu wa Mara wanavyowapiga chapa ng'ombe wao: OWITI 94. Akelo alimpelekea uji pale pale.

"Sasa hata nikifa," Owiti alisema huku akipuliza vumbi kwenye herufi, "nani atasema si wetu?"

Alikufa mwaka 2011. Mkurugenzi alikuja mwaka 2020, na hati miliki.

*

Hati ilikuwa na mihuri, ramani na namba. Ilisema eneo lote, tangu kwenye minyaa mpaka majini, ni la kampuni ya Mkurugenzi, na bikoni, zile nguzo za mipaka za wapimaji, zilikuwa zimeshapandwa siku ambayo Akelo alikwenda kliniki ya macho. Jibu la maandishi la Wakili Abdillah lilikuwa fupi: mama huyu na marehemu mumewe walikuwa waalikwa tu, walipewa mahali pa kukaa na mzee Mashimba kwa hisani, hawakununua.

Maombi ya Akelo yaliandikwa na Jasmin, binti wa ofisi ya msaada wa kisheria, bure. Alikuwa na moyo yule binti, na macho yaliyokosa usingizi. Lakini alimwambia ukweli siku ya kwanza.

"Mimi naweza kukuandikia, mama. Siruhusiwi kusimama mle ndani nikasema. Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili."

"Wakili wenu yuko wapi?"

"Tunaye mmoja. Leo yuko Sengerema, kesho Magu, keshokutwa gerezani Butimba. Nimeshamwekea jina lako kwenye orodha."

"Mimi ni wa ngapi?"

Jasmin aliangalia daftari lake, akalifunga. "Mama, wewe ukiulizwa, sema kama ulivyoniambia mimi. Una karatasi, una mzee Mashimba yuko hai, una jiwe. Wenzako wanakuja hapa hawana hata kimoja."

Na ni kweli Mashimba alikuwa hai. Alikuwa amehamia Magu kwa binti yake, miaka themanini na kitu, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Aliposikia habari alikasirika mpaka akakohoa. "Mwalikwa? Mayu, mama yangu, pesa ya Owiti ndiyo niliyomlipia mahari kijana wangu! Nitakuja niwaambie."

Akaja. Alipanda basi alfajiri na fimbo yake na koti la suti, akakaa kwenye benchi la korido toka saa mbili. Saa tano karani alitoka na kusema wakili wa mjibu maombi amepata udhuru, yuko Mahakama Kuu. Imeahirishwa. Mara ya pili mzee wa baraza mmoja alikuwa na msiba. Imeahirishwa. Mara ya tatu kulikuwa na pingamizi la awali kuhusu jinsi jina la kampuni lilivyoandikwa kwenye maombi. Jasmin akasahihisha neno moja, ikachukua miezi mitano. Mara ya nne umeme ulikatika.

"Hawa watu wanakula nini?" Mashimba alimuuliza karani siku hiyo. "Maana mimi nimekuja hapa mara nne, sijaona kazi mnayofanya."

Benchi lote lilicheka. Karani naye alicheka. "Mzee, tunakula kalenda."

Mara ya tano Mashimba hakuja. Miguu ilikuwa imevimba. Mara ya sita binti yake alipiga simu kutoka Magu, na Akelo alijua kabla hajapokea. Alikwenda kuzika. Alipokuwa akitupa udongo kaburini alijisikia aibu, kwa sababu hakuwa akimlilia mzee peke yake.

Tajiri akisubiri hana anachopoteza. Anasubiria kwenye kiti, chini ya feni, na mwingine anamlipa mshahara amsubirie. Maskini akisubiri anasubiri na mwili wake, na mwili una mwisho. Hiyo haikuandikwa kwenye sheria yoyote, ila kila aliyewahi kukalia lile benchi anaijua.

*

Ilikuwa ni baada ya msiba huo ndipo Wakili Abdillah alipokaa naye benchini. Kesi yao ilikuwa ya mwisho kwenye orodha, korido imebaki na watu wachache. Alinunua maji chupa mbili, moja akampa.

"Pole na msiba, mama. Nimesikia mzee amefariki."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Na baba mwenyewe alifariki lini?"

"Elfu mbili na kumi na moja. Mapafu. Vumbi la mawe na saruji lilimla."

"Pole sana. Mlimzika hapa hapa Mwanza?"

Akelo alishtuka, karibu acheke. "Hapa? Mjaluo? Hapana mwanangu! Tulimpeleka nyumbani." Na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za Owiti kwa miaka mingi, alisimulia. Jinsi wapiga kokoto na wavuvi walivyochanga wakakodi gari. Jinsi walivyopita Magu, Lamadi, Bunda, wakiimba, na gari likaharibika Utegi na vijana wakalisukuma na jeneza ndani. Jinsi kaka zake Owiti walivyochimba kaburi pembeni ya baba yao, upande wa kulia. "Mtu kwetu anazikwa kwao. Ukimzika kwenye ardhi ya watu, hata wewe hutalala."

"Kwenye ardhi ya watu," Abdillah alirudia polepole.

"Ndiyo mila yetu. Lazima awe dala, nyumbani."

"Mila nzuri," alisema kijana, na sauti yake haikuwa na dhihaka yoyote. Akanywa maji yake.

Mwezi uliofuata Akelo alikula kiapo, akaeleza kiwanja kilivyonunuliwa, akatoa karatasi ya daftari. Mwenyekiti wa baraza, mtu wa makamo mwenye miwani, aliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa imeingia maji mwaka wa mafuriko na nusu ya majina yalikuwa yamegeuka wino tu. Kisha Wakili Abdillah alisimama kuuliza maswali ya dodoso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, wewe na marehemu mumeo ni Wajaluo wa Rorya, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na kwa mila zenu, mtu anazikwa wapi?"

Hapo ndipo Akelo alipoona shimo, miguu yote miwili ikiwa imeshaingia. "Nyumbani," alisema.

"Nyumbani maana yake kwenye ardhi yake?"

"Maana yake kwa baba yake. Ni..."

"Jibu ndiyo au hapana, mama. Ulishawahi kusema kwamba ukimzika mtu kwenye ardhi ya watu hutalala?"

Alimwangalia yule kijana. Alitaka kusema: nilikuambia wewe, kwenye benchi, ukinipa maji. Alitaka kusema kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mbili, moja ya kuishi na moja ya kulala milele, na kwamba kila Mjaluo wa Mwanza anajua hivyo, kuanzia mwenye duka mpaka mwenye mtumbwi. Lakini alikuwa amekula kiapo kusema kweli, na swali lilikuwa la ndiyo au hapana.

"Ndiyo," alisema.

"Na marehemu hamkumzika kwenye kiwanja hiki mnachodai ni chenu."

"Hatukumzika."

"Sina swali lingine, mheshimiwa. Ahsante mama."

*

Tumaini lilibaki moja, na lilikuwa zito kuliko baraza zima na viti vyake. Siku hiyo hiyo, kabla hawajafunga, Akelo alisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, mzee Mashimba amekufa. Karatasi imeingia maji. Lakini Ng'ombe yupo. Mume wangu ameandika jina lake pale na mwaka. Hati yao inasema wamepima elfu mbili na kumi na sita. Njooni muone wenyewe nani alitangulia."

Mwenyekiti aliinua miwani. Alinong'ona na wazee wake wawili. Kisha akasema, na Akelo hakuamini masikio yake, kwamba baraza litatembelea eneo. Alhamisi, tarehe kumi na moja Agosti, saa nne.

Asubuhi iliyofuata Akelo alirudi kwenye kokoto akiimba. Wanawake walimcheka.

"Mama Kevin, jana ulivaa kile kitenge cha bahari," alisema Winnie, aliyekaa rundo la jirani. "Nikasema huyu leo mwenyekiti anamposa."

"Ameniposa. Anakuja kujitambulisha Alhamisi."

"Eeh! Na mahari?"

"Analeta kiwanja changu."

Walicheka mpaka Winnie akaacha nyundo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wake Princess alikuwa kidato cha kwanza, na kwa miaka kumi yeye na Akelo walikula chakula cha mchana kwenye sahani moja. Kevin, mwana wa Akelo, alikuwa mlinzi Dar es Salaam na alipiga simu Krismasi. Winnie ndiye aliyemkanda magoti.

Moshi ulianza Ijumaa, tarehe tano, saa sita mchana.

Akelo aliuona kutoka kilimani, mweusi, mzito, ukipanda karibu na maji. Mtu mwingine angedhani wanachoma takataka. Yeye aliujua. Ulikuwa moshi wa matairi. Hivyo ndivyo jiwe kubwa linavyouawa Mwanza, na Akelo alikuwa amesaidia kuua mengi. Unapanga magogo na matairi machakavu juu ya mgongo wake, unawasha, moto unakaa siku mbili tatu, jiwe linapata homa mpaka ndani, linaanza kubambuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Ndipo wanakuja wanaume na mitaimbo na nyundo kubwa, na mwisho wanakuja wanawake na vipete vyao vya mpira. Aliupima moshi kwa jicho, akaupima na ukubwa wa Ng'ombe. Siku tatu. Akizimwa leo, atapona.

Alishuka mbio za mtu wa magoti mabovu. Msimamizi wa kazi, mwanamume mwenye kofia ya plastiki, alimwonyesha karatasi asiyoweza kuisoma bila miwani. "Mama, mimi nimetumwa. Kama una neno, waambie walionituma."

Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. "Hilo liko barazani, mama Kevin. Nikiligusa mimi nitaitwa mchochezi."

Alikwenda polisi. "Kuchoma jiwe siyo jinai," alisema askari wa mapokezi, kwa upole. "Hayo ni madai. Nenda barazani."

Alifika barazani saa tisa na nusu, kitenge kimelowa jasho. Karani, yule yule wa kalenda, hakucheka leo. "Mheshimiwa ameshatoka. Unahitaji maombi ya zuio, mama, chini ya hati ya dharura, na kiapo. Yachapwe. Uje nayo Jumatatu." Kisha akaangalia ukutani. "Hapana, Jumatatu ni Nane Nane. Jumanne."

"Jumanne Ng'ombe atakuwa amekufa."

"Ng'ombe?"

Alimpigia Jasmin. Jasmin alikuwa Sengerema kwenye mafunzo ya siku tatu, na alilia kwenye simu, kilio cha hasira. "Nitaandika usiku huu huu, mama. Nitaandika kwa mkono. Lakini nani atapokea? Ofisi zimefungwa. Zuia! Piga picha! Zima moto!"

Zima moto. Akelo aliondoka na neno hilo. Jumamosi asubuhi alichukua ndoo, akaingia ziwani mpaka magotini, akaijaza, akaibeba kichwani mpaka alipokuwa Ng'ombe. Magogo yalikuwa yamegeuka makaa mekundu. Joto lilimpiga usoni kabla hajafika. Msimamizi na vijana wake wanne walimwangalia tu, hakuna aliyemzuia. Alishusha ndoo, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta nyuma ili amwage.

Na hapo mikono yake ikakumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimesahau.

Jiwe lililopata moto ukilimwagia maji baridi linapasuka. Ndivyo wanavyofanya wenye haraka. Wapondaji wote wanajua. Yeye mwenyewe alikuwa ameyabeba maji ya namna hiyo mara ngapi, akisubiri ule mlio, kama bunduki, na watu wanashangilia kwa sababu siku mbili za kazi zimekuwa moja. Akimwaga, atamuua sasa hivi. Asipomwaga, moto utamuua kesho.

Msimamizi alielewa, akacheka. "Mwaga mama! Mwaga utusaidie, twende nyumbani mapema."

Alisimama pale na ndoo iliyojaa. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba vijana waliacha kucheka na mmoja wao akageuka upande. Akawaza kuchota mchanga, lakini mikono miwili ya bibi kizee ingechota mchanga wa kufunika mgongo ule kwa mwezi mzima. Upande wa paja, herufi za Owiti zilikuwa bado zinaonekana, zimeingia masizi, nyeusi tii kuliko siku zote. Alikuwa na simu ya kitochi, isiyopiga picha. Mwishowe aliiweka ndoo chini, taratibu, tone lisimwagike, akaenda kukaa mlangoni pake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Ng'ombe alilia mara tatu.

*

Alhamisi saa nne na robo baraza lilifika. Kwa kuwa mwombaji hakuwa na uwezo wa kugharamia usafiri, walikuja na gari la mjibu maombi. Lile la vioo vyeusi. Walishuka mwenyekiti, wazee wawili, karani na Wakili Abdillah. Jasmin alikuwa amekuja kwa pikipiki, akasimama pembeni alikoruhusiwa kusimama. Ombi lake la zuio lilikuwa limepokelewa Jumanne na kupangiwa kusikilizwa tarehe ishirini na tatu.

"Tuonyeshe jiwe, mama," alisema mwenyekiti.

Akelo alinyoosha mkono. Mahali pa Ng'ombe palikuwa na anga na ziwa. Chini kulikuwa na rundo la vipande, na wanawake sita wameketi juu yake wakiponda, kwa sababu kampuni ilikuwa imetangaza kazi Jumanne na wiki ilikuwa ngumu. Winnie alikuwa wa pili kutoka kushoto. Hakuinua macho.

"Lilikuwa hapa, mheshimiwa. Wamelichoma."

"Mheshimiwa," Abdillah alisema, "mteja wangu alikuwa akisafisha eneo lake lenye hati. Mawe yako mengi ufukweni. Hatujui ni lipi analolisema mama."

Mwenyekiti aliwaangalia wapondaji. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya kazi yake; alitaka kuuliza. Akamnyooshea kidole aliyekuwa karibu.

"Wewe dada. Jina lako?"

"Winnie."

"Wewe ni mkazi wa hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa palikuwa na jiwe kubwa? Lenye maandishi?"

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, mikono mfukoni.  Winnie aliangalia kipete chake cha mpira. 

"Sisi tumekuta mawe ya kuponda tu, mheshimiwa," alisema.

"Winnie," Akelo aliita.

"Mama, usimtishe," alisema mwenyekiti, akaandika.

*

Hukumu ilisomwa Novemba, kwa dakika kumi na mbili. Ilisema mwenye kudai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Ilisema karatasi haisomeki, shahidi muuzaji hakufika, jiwe linalotajwa halikuonekana baraza lilipotembelea eneo. Ilisema mwombaji mwenyewe alikiri chini ya kiapo kwamba kwa mila zao mtu hazikwi kwenye ardhi ya watu, na kwamba mumewe alizikwa kwingine. Kila sentensi ilikuwa kweli. Huenda hakuna hata mmoja aliyepokea bahasha. Haikuhitajika.

Jasmin alisema wana siku arobaini na tano za kukata rufaa. Nakala ya hukumu ilitoka baada ya sitini na moja. Wakaomba kuongezewa muda, na ombi hilo nalo likapewa tarehe, na tarehe hiyo ikaahirishwa. Mwaka uliofuata ofisi ya msaada ilikosa wafadhili, Jasmin akaenda kufundisha sekondari Geita. Bado anapiga simu. Anasema rufaa haijafa. Akelo anasema ahsante.

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja kwa mashine ya njano. Sasa amepanga chumba kule juu, mahali ambapo mvua ikinyesha mawe yanahama. Na anaponda. Upande wote wa chini wa kilima umo ndani ya uzio wa kampuni, kwa hiyo kazi iliyopo ni ya kampuni, na zege la hoteli linataka kokoto nyingi. Ng'ombe alikuwa mkubwa. Hajaisha mpaka leo.

Anakaa palepale, jirani na Winnie. Wiki ya kwanza Winnie alisema, macho chini, "Mama Kevin, Princess alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nikaona..."

"Najua."

"Ningesema wangenitoa."

"Najua, Winnie. Piga jiwe lako."

Hawali tena sahani moja, lakini Winnie akipata kipande kipana anakigeuza upande wa pili kabla ya kukipiga. Akelo amemwona. Yeye mwenyewe anafanya hivyo kwa kila jiwe, na wenzake wamezoea, hawamtanii. Kuna aliyemwambia kwamba paja la Ng'ombe lilikwenda na lori la kwanza kabisa, Jumanne ile ile, likamwagwa kwenye msingi. Huenda. Anageuza tu.

Wiki iliyopita lile gari lilisimama getini, akashuka Wakili Abdillah na wageni wawili, wakaonyeshwa nguzo zinavyopanda. Amenenepa kidogo. Alipompita Akelo alisimama, akahamishia mkoba mkono wa kushoto, akainama.

"Shikamoo mama."

Wanawake wote waliacha nyundo hewani. Akelo alikuwa ameiwaza siku hiyo mara nyingi chumbani kwake. Alikuwa ameshaamua kwamba hatajibu, kwamba hicho kimoja hawatakichukua. Alifunga mdomo. Kijana alisubiri, kichwa kimeinama, na adabu yake yote.

"Marahaba," alisema mdomo wa Akelo.

Kijana alitabasamu, akaenda zake. Akelo alichukua jiwe lililofuata, akaligeuza, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliangalia pande zote. Halikuwa na kitu. Akalivisha mpira, akalipiga.